Shati la Bluu Lenye Mfuko wa Kijani

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama mbele ya hakimu, bahasha ya kaki imefunguliwa, na karatasi iliyotoka ndani siyo yenyewe.

Kwa aliyepitwa, nitasema kwa ufupi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Niliolewa kanisani na fundi redio ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Sawa, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali tangu alipojua kuongea. Tuliishi pamoja miaka saba. Huu ni mwaka wa pili tangu nihame.

Sasa kuna mgane mmoja, mwokaji mikate, ananitaka kwa heshima zote, na mimi namtaka. Ila ana msimamo wake.

"Mimi siingii kwa mlango wa nyuma," aliniambia. "Kanisa likikuachilia, hata kesho. Lisipokuachilia, nitakuletea mkate kila asubuhi mpaka nizeeke, lakini nitaishia mlangoni."

Kwa hiyo nilikuwa na kesi mbili kwa mpigo. Talaka kortini, na shauri la kubatilisha ndoa kwenye mahakama ya Kanisa. Dada anayenichapia barua ndiye aliyenifumbua macho.

"Kortini useme ndoa ilikuwepo, ikaishi, ikafa," alisema. "Kanisani uonyeshe haikuzaliwa kabisa."

Akanichapia maelezo mawili. Ya kortini yalisema tulipendana, tukacheka, halafu mambo yakaharibika. Ya Kanisa yalisema mume wangu aliburutwa altareni na shangazi yake, na mimi sikuwahi kuona dalili yoyote kwamba alinitaka. Bahasha mbili za kaki, zinafanana kama mapacha. Na mimi, mtu mwenye akili timamu, nikazifunga kwa gundi kwanza, ndipo nikaandika anwani.

Haya, turudi kortini.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo. Alisoma ukurasa wa kwanza mpaka chini. Akarudi juu, akausoma tena.

"Mama, wewe ndiye mleta maombi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unaomba mahakama hii ivunje ndoa yako."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hapa umeandika, na nasoma kama ilivyo: 'Natamka kwa dhamiri yangu kwamba kati yangu na mtu huyu hapajawahi kuwa na ndoa.'" Akavua miwani. "Sasa mama, nivunje nini?"

Mabenchi yote yakaangua kicheko. Karani alijifanya anakohoa.

"Nimekosea bahasha, Mheshimiwa. Hiyo ni ya padre."

"Na padre amepata ipi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Padre, muda huohuo, alikuwa anasoma jinsi nilivyopendana na mume wangu.

"Weka karatasi kando," hakimu akasema. "Niambie kwa mdomo wako. Ndoa ilikuwepo au haikuwepo?"

Nilikuwa nimeapa kwa Biblia dakika tano zilizopita. Na kanisani nilikuwa nimeapa kwa Biblia mwezi uliopita. Nilipiga hesabu nikaona Biblia ni ileile.

"Kwa upande wa serikali, Mheshimiwa, ilikuwepo."

"Ikafa kwa nini?"

"Ilikufa kwa sawa."

"Kwa nini?"

"Kwa sawa, Mheshimiwa. Miaka saba sijui mume wangu anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Tuhamie kule? Sawa. Tubaki hapa? Sawa. Tupake ukuta rangi ya njano? Sawa. Siku nilipomwambia naondoka, nilisimama mlangoni nikamsubiri. Nilitaka aseme neno moja tu. Akasema sawa. Akanibebea sanduku mpaka barabarani."

Nilikuwa nimejipanga kuisimulia hiyo kwa kuchekesha. Nyumbani niliifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikacheka mwenyewe. Kortini sauti ilinikatika katikati ya sanduku, na hakuna aliyecheka. Bado iliniuma, na sikujua kama inaniuma kiasi kile.

Hakimu akamgeukia Bwana Sawa. Alisimama amevaa shati lililopigwa pasi, mkono mmoja kifuani. Askari wa mlangoni alikuwa amemnyang'anya bisibisi yake, na yeye bila bisibisi mfukoni ni kama mtu aliyetoka bila viatu.

"Umemsikia mkeo. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Unapinga talaka?"

"Sawa."

"Sawa unapinga, au sawa hupingi?"

"Sawa tu, Mheshimiwa."

Hakimu akashusha pumzi. Nilimwonea huruma. Yeye alikuwa naye kwa dakika kumi tu.

"Tuje kwenye vitu vya ndani. Cherehani abaki nayo mama?"

"Sawa."

"Kabati?"

"Sawa."

"Kitanda?"

"Sawa."

"Bwana, katika nyumba nzima hakuna hata kitu kimoja unachokitaka wewe?"

Bwana Sawa akapapasa mfuko wake mtupu. Karani akainua kichwa.

"Kuna shati," akasema.

"Shati gani?"

"La bluu. Lina mfuko wa kijani. Lilichanganyika na nguo zake alipohama."

Hakimu akanitazama. "Lipo?"

Nililijua vizuri. Ni shati la kabla hatujaoana, enzi hizo yeye ni mteja wangu tu. Mashati yake yalikuwa hayaishi kutoboka mfukoni, nami nilijua, au tuseme nilimwambia kila mtu, kwamba ni ile bisibisi. Hilo la bluu nilimwekea mfuko wa kijani nikamwambia kitambaa cha bluu kimeniishia.

"Lipo, Mheshimiwa. Lakini…"

"Lakini nini?"

"Limeshakuwa tambara. Napangusia mafuta ya cherehani."

Kicheko kingine. Hata hakimu alijificha nyuma ya faili. Asiyecheka alikuwa mmoja.

"Sawa," akasema, akaketi.

Nusu saa baadaye mahakama ilitamka ndoa imevunjika, na mimi nikatoka nje nikiwa mtu huru kwa sheria za nchi. Mwokaji alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, unga kwenye nyusi. Huwa hautoki hata akioga.

"Moja tayari," akasema, meno yote nje.

"Imebaki moja," nikamjibu, na kabla hajanikumbatia nikawa nimeshakimbia.

Nilikuwa naifuata bahasha.

Ofisi ya mahakama ya Kanisa iko nyuma ya kanisa kuu, chumba chenye makabati ya chuma na karatasi ukutani iliyoandikwa KIMYA. Sista Katibu alikuwa anagonga mihuri.

"Sista, naomba bahasha yangu. Nimeleta isiyo yake."

"Imeshagongwa muhuri."

"Ndiyo, lakini siyo yenyewe. Hiyo ni ya hakimu."

"Mama, kilichogongwa muhuri hapa hakitoki. Lete hiyo nyingine, nayo nitaigonga."

"Zote mbili zikae kwenye jalada moja?"

"Zitakaa."

"Moja inasema tulipendana, nyingine inasema hatukupendana!"

"Ndiyo maana kuna mapadre," akasema Sista, akagonga mwingine.

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa Padre Mtetezi.

Huyu lazima nimweleze. Kule kwao, kila ndoa inayoletwa kubatilishwa hupewa padre wa kuitetea. Hakutetei wewe, hamtetei mumeo. Anaitetea ndoa, hata kama wenyewe mmeichoka mpaka basi. Nilitarajia mzee mwenye mvi. Nikakuta kijana mwembamba, sauti ya upole, macho ya mtu anayesoma hadi maandishi madogo ya chini.

"Nimeyasoma maelezo yako, mama," akasema. "Yameandikwa vizuri. Hasa pale mlipokuwa mnacheka mpaka jirani anagonga ukuta."

"Padre, hayo ni ya kortini!"

"Najua. Uliyaapia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi nitamwita mjibu maombi, yaani mumeo, kwa mara ya pili," akasema. "Mara ya kwanza tulimuuliza mengi kuhusu shangazi yake. Kuna swali moja ambalo hakuna aliyelikumbuka."

Akaenda zake. Nikajiambia, muulizeni mtakavyo. Bwana Sawa hajawahi kumkatalia mtu kitu duniani. Nilimwomba mwenyewe aseme alilazimishwa, akasema sawa, na mara ya kwanza alikwenda akasema hivyohivyo. Halafu nilikuwa na shahidi wangu wa nguvu.

Shangazi.

Huyu mama ni matroni mstaafu. Amesimamia wodi miaka thelathini na hajastaafu kusimamia watu. Nilikuwa na wasiwasi naye, maana nani atakwenda mbele ya mapadre akiri kwamba aliburuta mtu altareni? Nilidhani atakana.

Alhamisi akaingia dukani kwangu, sketi mkononi.

"Imebana," akasema. "Nipime upya. Nimetoka huko kwa mapadre wako."

Nikazungusha futi kiunoni mwake.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza, je, mama, ulimlazimisha kijana kuoa?"

"Usivute pumzi, Shangazi, nisije nikakosea. Ukajibuje?"

"Nikawaambia nilimlazimisha, na ningemlazimisha tena kesho."

Futi ikaniponyoka.

"Yule mtoto," akaendelea, "kila kizuri alicho nacho nimemlazimisha. Kuoga nilimlazimisha. Shule nilimlazimisha. Ufundi redio nilimlazimisha. Kwa nini mke nisimlazimishe?"

"Uliwaambia hivyohivyo?"

"Neno kwa neno. Yule Sista aliandika mpaka akawa anautikisa mkono."

"Na hukuona vibaya?"

"Vibaya kwa lipi? Niliona yale mashati yanarudi kila wiki yameshonwa vizuri, nikasema mwenye mkono huu ndiye mke. Nilikuchagua mimi na nilichagua vizuri. Kama ameshindwa kukutunza, hilo sikumlazimisha."

Akanishika shavu kwa vidole vyake vikavu vya wodini, na mimi nikamkumbatia hapohapo, sketi katikati yetu. Nilimpenda yule mama. Ukiacha mume unaacha na watu wake, na hiyo hakuna anayekwambia siku unayofunga sanduku.

Alipotoka nilicheza. Nilicheza kuzunguka cherehani mpaka jirani wa duka la vyombo akaja kuangalia kama ni umeme umenishika. Nikampigia Mwokaji.

"Shangazi amekiri kila kitu!"

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Tumeshinda."

Nikasikia upande wa pili trei inaanguka. Jioni alinikatia kipande cha keki, akasema ni majaribio tu, nisiulize ya nini. Ilikuwa na ghorofa tatu. Yule bwana hana siri, kila anachowaza kinaandikwa usoni, na hilo ndilo nililompendea.

Wiki mbili baadaye Sista Katibu aliniita nikasome jalada.

Ndio utaratibu wao. Ushahidi wote ukishakusanywa, kila upande unaitwa kwa zamu yake kusoma kila kitu kilichosemwa. Unasomea palepale, mezani kwa Sista. Hakuna kupiga picha, hakuna kuondoka na karatasi. Mwokaji alinisindikiza na mkate wa moto kwenye mfuko wa karatasi, akabaki kwenye benchi nje, chini ya dirisha.

Nilianza na Shangazi. Nilipofika kwenye "kuoga nilimlazimisha" nikacheka kwa sauti. Sista akanionyesha lile neno ukutani.

Nikafunua ukurasa. *Mjibu maombi. Mahojiano ya pili.*

*Swali: Shangazi yako anasema alikulazimisha kuoa. Ni kweli?*

*Jibu: Hapana.*

Nilirudi mwanzo wa jalada kuangalia kama ni langu. Lilikuwa langu. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kulisikia neno lile likitoka kwenye mdomo wa yule mtu. Nikalisoma mara nne.

*Swali: Mara ya kwanza ulisema alikulazimisha.*

*Jibu: Mke wangu aliniomba niseme hivyo. Nikasema sawa. Ilikuwa kosa. Nilikuwa nimeapa.*

*Swali: Basi tukuulize wewe. Achana na shangazi, achana na mkeo. Wewe ulitaka nini?*

*Jibu: Yeye.*

Mkono wangu ulikuwa juu ya karatasi na sikuweza kuuondoa. Sista akaacha kugonga mihuri.

*Swali: Eleza.*

*Jibu: Nilipita dukani kwake nikamwona anashona huku anacheka peke yake. Nilitaka kujua anacheka nini. Sikujua nianzeje, mimi si mtu wa maneno. Nikaenda nyumbani nikachukua wembe, nikakata mfuko wa shati langu. Nikampelekea. Akashona. Wiki iliyofuata nikakata mwingine. Jumla nilikata mifuko kumi na mmoja. Shangazi aliona mashati yanarudi yameshonwa, akaniambia huyu fundi utamwoa. Nikasema sawa. Shangazi hapendi wazo lisilo lake, nikamwachia liwe lake.*

*Swali: Kama ulimtaka hivyo, mbona hukumzuia alipoondoka?*

*Jibu: Sikutaka abaki kwa kulazimishwa. Mimi nimelazimishwa vitu vyote maishani isipokuwa hicho kimoja. Najua ladha ya kulazimishwa.*

Nililia. Sitawaficha, nililia kwa sauti, chini ya lile neno KIMYA. Sista akalisogeza jalada taratibu. Nilidhani ananihurumia, kumbe anaogopa wino usichuruzike.

"Samahani, Sista."

"Lia tu, mama. Lakini lia upande huu."

Mlango ukafunguka. Padre Mtetezi akaingia na karatasi moja, akavuta kiti.

"Umefika ukurasa huo," akasema.

"Nimefika. Kwa hiyo shauri limekufa?"

"Bado. Kuna neno lake na kuna neno la shangazi, na waamuzi ni watatu, si mimi. Shangazi yule ana nguvu kwenye karatasi kama alivyo na nguvu ana kwa ana." Akatabasamu kidogo. "Mimi nimebakiwa na swali moja tu, na ni lako. Utalijibu kwa maandishi, hapahapa."

Akaiweka karatasi mbele yangu.

"Mama yangu alikuwa fundi cherehani," akasema. "Nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo."

Nikajua swali kabla sijalisoma.

*Ukiwa fundi, je, hukuona kwamba mifuko ile haikuchanika, bali ilikatwa?*

"Ukiandika hukuona," Padre akasema, "maelezo yako ya kwanza yanasimama, na mimi nitanyamaza. Ukiandika uliona, basi ulijua anakutaka tangu mwanzo, na uliapa hapa kwamba hukuona dalili yoyote. Siwezi kukwambia uandike nini. Naweza tu kukwambia kwamba umeapa."

Dirisha lilikuwa wazi. Nikachungulia nje ili nisimwangalie usoni. Mwokaji alikuwa kwenye benchi, mkate magotini. Na upande wa pili wa benchi lilelile alikuwa ameketi Bwana Sawa, amekuja kwa zamu yake ya kusoma, bisibisi imerudi mfukoni. Walikuwa wanatazama mbele.

Mwokaji hawezi kukaa karibu na mtu bila kumlisha. Nikamsikia anafungua mfuko.

"Karibu mkate, ndugu yangu. Bado wa moto."

Nikasubiri lile jibu ninalolijua.

"Hapana," akasema Bwana Sawa. "Asante."

Wasomaji wangu, wiki saba nimewasimulia habari za mtu asiyesema. Mmeniandikia barua, mmenipa pole, kuna mama mmoja alisema mume wangu afungiwe kabatini na redio zake. Nilizisoma zote na nilizifurahia. Kuna jambo moja sikuwaambia nyinyi, sikumwambia Mwokaji, na padre sikumwambia.

Kitambaa kilichochanika kinaacha nyuzi. Kilichokatwa kwa wembe kinanyooka kama rula. Hata aliyeanza kujifunza ushonaji juzi anaona tofauti. Mimi niliona kwenye shati la pili. Kuanzia hapo nilikuwa nayaosha madirisha ya duka kila Ijumaa asubuhi, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku yake.

Na kitambaa cha bluu hakikuwa kimeniishia. Kilikuwa jora zima, chini ya meza. Nilimwekea mfuko wa kijani makusudi, nione kama safari hii atasema kitu. Hakusema. Jumapili alilivaa kanisani, mbele ya watu wote, na mimi nikaketi benchi la nyuma nikiutazama ule mfuko misa nzima, nikifurahi mpaka naona aibu. Sikusema na mimi. Sikumwambia siku ile, wala siku ya harusi, wala miaka saba baadaye nikiwa nimesimama mlangoni na sanduku, namlaumu yeye kwa kukosa neno moja.

Chini ya dirisha, Mwokaji alikuwa anaukunja mfuko wa mkate taratibu, kona kwa kona, usiharibike. Ananisubiri mimi. Akinitazama tu atajua, maana yeye husoma nyuso kama anavyoandika kwenye wake.

"Mama," Padre Mtetezi akasema, akanisogezea kalamu. "Neno moja linatosha."

Nikaishika.